Kuyapa majina maeneo ya seli katika lahajedwali, na kuyatunza majina hayo

HESABU za vyama vingi vya akiba nchini Kenya, na vilevile za maduka na shule, siku hizi huwekwa katika lahajedwali badala ya daftari la karatasi. Programu kama vile Excel, Google Sheets na LibreOffice Calc hujumlisha kwa haraka kuliko mtu yeyote, na ndiyo sababu matokeo yake huaminiwa bila maswali. Hata hivyo, programu hizo hujumlisha kile tu zilichoelekezwa kujumlisha. Iwapo maelekezo yana kasoro, jumla nayo itakuwa na kasoro, ingawa kwenye skrini itaonekana sawa na jumla sahihi.

Chukua mfano wa chama chenye wanachama 30, kila mmoja akichanga Sh2,000 kwa mwezi. Mweka hazina ameandika majina ya wanachama katika safu A ya laha iitwayo Daftari, na miezi kuanzia Januari hadi Desemba katika safu B hadi M. Mstari wa kwanza una vichwa, na wanachama wako katika mstari wa 2 hadi wa 31. Katika laha nyingine iitwayo Muhtasari, jumla ya mwaka inatafutwa kwa fomula =SUM(Daftari!B2:M31). Mwezi wa Machi mwanachama wa 31 anajiunga na kuandikwa katika mstari wa 32. Hakuna anayekumbuka fomula iliyo katika laha ile nyingine.

Kufikia Desemba chama kimekusanya Sh740,000, ilhali Muhtasari unaonyesha Sh720,000. Tuseme mikopo imeleta faida ya Sh74,000, na kila mwanachama anastahili kugawiwa kwa kadiri ya mchango wake. Kwa jumla sahihi, kila mmoja wa wale 30 angepata Sh2,400 na mgeni Sh2,000, na faida yote ingekwisha bila baki. Kwa jumla yenye kasoro, fomula zinawapa wale 30 takriban Sh2,467 kila mmoja, na mgeni takriban Sh2,056. Malipo yote yanafika Sh76,056, nazo fedha zilizopo ni Sh74,000. Pengo hilo la Sh2,056 litamwangukia yeyote atakayelipwa mwisho, na mweka hazina ndiye atakayekuwa wa kwanza kutiliwa shaka ingawa hakuiba hata senti moja.

Kosa la aina hii haliko katika kujumlisha, bali katika mpaka wa eneo linalojumlishwa. Ili kulizuia, watengenezaji wa programu hizi waliwapa watumiaji uwezo wa kuyapa maeneo ya seli majina. Chombo hiki ni cha zamani na ni rahisi kutumia, lakini nacho kina mitego yake, na asiyeijua anaweza kudhani amejikinga kumbe ameificha kasoro ndani zaidi.

Jina linafanya nini?

Kila seli katika lahajedwali ina anwani inayotokana na herufi ya safu na nambari ya mstari, kwa mfano D7. Kundi la seli zilizopakana hutajwa kwa anwani ya kona ya kwanza na ya mwisho, kwa mfano B2:M31. Anwani hizi zinaieleza programu mahali pa kwenda, lakini hazimwelezi msomaji chochote kuhusu kilichomo. Anayeifungua faili miezi sita baadaye na kukuta =SUM(Daftari!D2:D31) hana budi kurudi katika laha ya Daftari kutazama D ni mwezi gani.

Jina huchukua nafasi ya anwani hiyo. Eneo la D2 hadi D31 likishaitwa Michango_Machi, fomula huandikwa =SUM(Michango_Machi), na hata mjumbe wa kamati asiyejua lahajedwali anaweza kuisoma na kuielewa. Jina linaweza pia kusimamia seli moja tu, nambari isiyobadilika, au hata fomula nzima.

Lahajedwali la kwanza la tarakilishi kupata umaarufu, VisiCalc, lilitungwa na Dan Bricklin na Bob Frankston na kuanza kuuzwa mwaka wa 1979. Lotus 1-2-3, iliyotolewa mwaka wa 1983, iliwaruhusu watumiaji kuyapa maeneo ya seli majina. Excel ilifuata mwaka wa 1985 kwa tarakilishi za Macintosh na mwaka wa 1987 kwa Windows. Mwaka wa 2007 Excel iliongezewa dirisha maalumu la kusimamia majina yote ya faili mahali pamoja, liitwalo 'Name Manager'.

Namna ya kuunda jina

Katika Excel kuna njia tatu za kawaida. Ya kwanza, na iliyo rahisi kuliko zote, ni kuchagua seli zinazohusika, kubofya kisanduku kidogo kilicho upande wa kushoto wa ukanda wa fomula, kuandika jina, kisha kubonyeza kitufe cha Enter. Bila kubonyeza Enter jina halihifadhiwi. Ikumbukwe pia kwamba ukiandika katika kisanduku hicho jina ambalo tayari lipo, programu haitalihamisha hadi katika seli ulizochagua, bali itakupeleka katika eneo la zamani la jina hilo. Wengi hudhani wamebadilisha mipaka ya eneo kwa njia hii, kumbe hawakubadilisha lolote.

Njia ya pili ni kufungua menyu ya 'Formulas' na kuchagua 'Define Name'. Dirisha linalojitokeza huuliza jina, mahali litakapotambulika, maelezo mafupi, na anwani ya eneo. Nafasi ya maelezo hupuuzwa na wengi, ilhali ni mahali pazuri pa kuandika, kwa mfano, kwamba kiwango fulani kiliidhinishwa na mkutano mkuu wa chama.

Njia ya tatu huwafaa wenye majedwali yaliyo na vichwa tayari. Mtumiaji huchagua jedwali zima pamoja na vichwa vyake, kisha hubonyeza Ctrl, Shift na F3 kwa pamoja. Programu huuliza iwapo majina yachukuliwe kutoka mstari wa juu, safu ya kushoto, au vyote viwili, na huyaunda yote kwa mara moja. Pale palipo na nafasi kati ya maneno, kama vile katika jina la mwanachama, hutiwa kistari cha chini. Faida moja ya njia hii ni kwamba majina mawili yakitenganishwa kwa nafasi katika fomula, Excel hutoa thamani ya seli yanapokutana. Kwa mfano, =Machi Achieng huonyesha kiasi ambacho mwanachama aliyeandikwa Achieng alichanga mwezi wa Machi.

Katika Google Sheets, majina huundwa kupitia menyu ya 'Data', sehemu ya 'Named ranges'. Katika LibreOffice Calc, programu ambayo haina malipo, hupatikana katika menyu ya 'Sheet', sehemu ya 'Named Ranges and Expressions'. Kanuni za msingi ni zilezile.

Majina yanayokubalika na yanayokataliwa

Katika Excel jina sharti lianze kwa herufi, kistari cha chini au mkwaju uliolalia nyuma. Haliwezi kuwa na nafasi ndani yake, na halipaswi kuzidi herufi 255. Herufi kubwa na ndogo hazitofautishwi, kwa hivyo Riba na RIBA ni jina moja. Herufi R na C zikiwa peke yake hazikubaliki, kwa sababu programu huzitumia kumaanisha mstari na safu.

Alama ya ritifaa nayo hairuhusiwi. Mfugaji anayetaka kuliita eneo Mauzo_Ng'ombe hana budi kuandika Mauzo_Ngombe.

Kikwazo kinachowashangaza wengi ni kile cha majina yanayofanana na anwani za seli. Tangu mwaka wa 2007 laha ya Excel ina safu 16,384, na ya mwisho huitwa XFD. Hii ina maana kwamba takriban kila neno la herufi tatu linalofuatwa na nambari ni anwani halisi. Mhasibu akijaribu kuunda jina Mei2024 hukataliwa, kwa sababu kuna seli iliyo katika safu MEI, mstari wa 2024. Juni2024 hukubaliwa, kwa kuwa hakuna safu yenye herufi nne. Kwa sababu hiyohiyo VAT2020 na KRA2024 hukataliwa. Suluhu ni kistari cha chini: Mei_2024, VAT_2020. Excel za kabla ya hapo zilikuwa na safu 256 pekee, ya mwisho ikiwa IV, na majina kama hayo yalikubalika. Faili ya zamani inapobadilishwa kuwa ya muundo mpya, programu huyatia majina hayo kistari cha chini mbele, na mwenye faili asishangae kuyakuta hivyo.

Zaidi ya kanuni za programu, ni vyema chama au ofisi iwe na utaratibu wake. Majina yanayoanza kwa neno moja, kwa mfano Michango_Januari, Michango_Februari, Mikopo_Januari, hupangika pamoja katika orodha kwa sababu programu huyapanga kwa alfabeti. Majina kama Jumla1, Jumla2 na Mpya hayamsaidii yeyote.

Alama ya dola

Ndani ya jina, anwani huhifadhiwa pamoja na alama za dola, kwa mfano Daftari!$D$2:$D$31. Alama hizo huzuia anwani isihame kutegemea mahali fomula ilipo. Anayeunda jina kwa kuchagua seli kwa kipanya huwekewa alama hizo moja kwa moja. Hatari huja pale mtu anapoandika anwani kwa mkono na kuziacha. Jina lisilo na alama za dola huhesabu umbali kutoka seli iliyokuwa imechaguliwa wakati lilipoundwa, na likitumiwa katika seli nyingine huelekeza mahali pengine. Wataalamu hulitumia jambo hili kwa makusudi, lakini kwa mweka hazina wa kawaida ni chanzo cha majibu yanayobadilikabadilika bila sababu inayoonekana.

Viwango vinavyobadilika

Jina la seli moja hudhihirisha faida yake pale sheria inapobadilika. Mwaka wa 2020, kutokana na janga la corona, serikali ya Kenya ilipunguza kiwango cha ushuru wa VAT kutoka asilimia 16 hadi asilimia 14 kuanzia Aprili 1. Kiwango cha asilimia 16 kilirejeshwa Januari 1, 2021. Mfanyabiashara aliyekuwa ameandika 0.16 ndani ya kila fomula ya ankara alilazimika kuzisaka fomula hizo zote mara mbili katika muda wa miezi tisa. Aliyekuwa na seli moja yenye jina Kiwango_VAT, na fomula za aina ya =C5*Kiwango_VAT, alibadilisha nambari moja tu.

Waajiri walikumbana na hali kama hiyo. Oktoba 2024 makato ya bima ya afya ya NHIF, yaliyokuwa yakitozwa kwa viwango vya madaraja, yaliondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na SHIF, inayotoza asilimia 2.75 ya mshahara wote. Nayo ada ya nyumba ya asilimia 1.5, iliyoanza kukatwa mwaka wa 2023, ilipata sheria yake mpya Machi 2024 baada ya mahakama kuitangaza ya awali kuwa kinyume cha katiba. Laha moja iitwayo Viwango, yenye Kiwango_SHIF, Kiwango_Nyumba na kadhalika, humwezesha mhasibu kubadilisha mambo haya mahali pamoja, na humwezesha mkaguzi kuona kwa mara moja viwango vilivyotumika.

Lakini ipo tahadhari. Kubadilisha kiwango katika seli hubadilisha hesabu zote zinazolitegemea jina hilo, zikiwemo za miezi iliyopita. Ankara za Machi 2020 zilipaswa kubaki na asilimia 16 hata baada ya kiwango kushuka. Kwa hivyo, panapohitajika kumbukumbu, ama kila kipindi kiwe na faili yake, ama kila kiwango kiwe na jina linalotaja kipindi chake.

Mpaka wa eneo haukui wenyewe

Hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote. Mstari mpya ukiingizwa katikati ya eneo lenye jina, eneo hupanuka. Mstari ukifutwa, hupungua. Lakini data ikiandikwa chini ya mstari wa mwisho, eneo halipanuki. Mweka hazina katika mfano wa hapo juu angeweza kuwa ameyapa maeneo yake yote majina mazuri, na bado mwanachama wa 31 katika mstari wa 32 angeachwa nje. Fomula =SUM(Michango_Machi) ingesomeka kama iliyo sahihi kabisa, ingawa mchango mmoja wa Machi haumo.

Kosa la mpaka limewahi kuwapata wasomi wa kimataifa. Mwaka wa 2010 wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala kuhusu uhusiano wa madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi. Matokeo yao yalionyesha kwamba nchi tajiri zenye deni la zaidi ya asilimia 90 ya pato la taifa zilikuwa na ukuaji wa wastani wa kasoro asilimia 0.1. Makala hayo yalitajwa sana na wanasiasa waliotaka serikali zipunguze matumizi. Mwaka wa 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts kilichoko Amherst, Marekani, pamoja na walimu wake Michael Ash na Robert Pollin, walieleza kwamba katika lahajedwali la wanauchumi hao, fomula ya wastani ilianza mstari wa 30 na kuishia wa 44 badala ya 49. Nchi tano, yaani Australia, Austria, Ubelgiji, Canada na Denmark, ziliachwa nje.

Kwa hesabu ya Herndon na wenzake, wastani sahihi ulikuwa asilimia 2.2. Ni haki kueleza kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na mambo mengine, yakiwemo data iliyoachwa nje na namna nchi zilivyopewa uzito. Kosa la lahajedwali lilichangia sehemu ndogo tu. Reinhart na Rogoff walikiri kosa hilo, huku wakishikilia kwamba hitimisho lao la jumla halikubadilika. Hata hivyo, miaka mitatu ilikuwa imepita kabla ya mtu wa nje kuifungua faili yenyewe na kutazama fomula ilikoishia.

Njia mbili hutumiwa kuzuia kosa hili. Ya kwanza ni mstari wa mpaka. Mwenye laha huacha mstari mmoja mtupu mwishoni, akaupaka rangi, akaandika neno MWISHO katika safu ya majina, na kuujumuisha katika eneo lenye jina. Kila mwanachama mpya huingizwa juu ya mstari huo, kamwe si chini yake. Kwa kuwa mstari umo ndani ya eneo, kila nyongeza hulipanua eneo. Njia hii hufanya kazi katika programu zote.

Ya pili hupatikana katika Excel. Mtumiaji huweka kasa katika data yake na kubonyeza Ctrl na T, na data hiyo hugeuzwa kuwa jedwali rasmi lenye jina lake. Kikiandikwa chochote katika mstari ulio chini moja kwa moja ya wa mwisho, jedwali hukipokea. Jedwali likiitwa Wanachama, jumla ya Machi huandikwa =SUM(Wanachama[Machi]), na fomula hiyo hujumuisha wote waliomo hata wawe 300.

Mahali jina linapotambulika

Jina laweza kutambulika katika faili nzima au katika laha moja tu. Kwa kawaida huwa la faili nzima. Tatizo huzuka laha inaponakiliwa. Mweka hazina akinakili laha ya mwaka uliopita ndani ya faili ileile ili aanze mwaka mpya, Excel huyanakili pia majina yaliyoelekezwa katika laha hiyo, na nakala hutambulika ndani ya laha mpya pekee. Sasa kuna Michango_Machi mbili. Fomula iliyo ndani ya laha mpya hutumia jina la humo, ilhali fomula ya Muhtasari huendelea kutumia ya mwaka uliopita. Hakuna onyo lolote linalotolewa. Aidha, laha ikihamishiwa katika faili nyingine, baadhi ya majina huweza kubaki yakielekeza katika faili ya zamani.

Kuyatunza majina

Dirisha la 'Name Manager' hufunguliwa kwa kubonyeza Ctrl na F3. Humo kila jina huonyeshwa pamoja na thamani, anwani, mahali linapotambulika na maelezo yake. Ukichagua jina na kubofya katika kisanduku cha anwani kilicho chini, mstari unaochezacheza hulizunguka eneo lenyewe katika laha. Huo ndio ukaguzi wa haraka kuliko wote: jicho litaona mara moja iwapo mstari huo umeishia kwa mwanachama wa mwisho au kabla yake.

Anayetaka kurekebisha anwani katika kisanduku hicho kwa kibodi abonyeze kwanza F2. Bila kufanya hivyo, vitufe vya mishale havitasogeza kasa ndani ya maandishi bali vitaingiza anwani nyingine, na jina litaharibika.

Jina likibadilishwa ndani ya dirisha hili, fomula zote zinazolitumia hubadilika nalo. Jina likifutwa, fomula hizo huonyesha #NAME?, maana yake programu haitambui neno lililotumika. Seli zenyewe zikifutwa, jina hubaki lakini anwani yake huwa na #REF!. Dirisha lina kichujio cha kuonyesha majina yenye hitilafu pekee, na ni busara kukitumia kila mara faili inaporithiwa kutoka kwa mtu mwingine.

Kuna njia mbili zaidi za kuona majina yote. Kubonyeza F3 na kuchagua 'Paste List' huandika orodha ya majina na anwani zake ndani ya laha. Orodha hiyo huwekwa juu ya chochote kilichopo, kwa hivyo ianzishwe katika laha tupu. Vilevile, ukuzaji wa skrini ukishushwa chini ya asilimia 40, Excel huonyesha majina ya maeneo yenye seli zaidi ya moja juu ya maeneo yenyewe, kama majina ya kaunti kwenye ramani.

Wasioyapendelea

Si wataalamu wote wanaokubali kwamba majina ni msaada. Nchini Ireland, Ruth McKeever na Kevin McDaid wa Taasisi ya Teknolojia ya Dundalk walifanya majaribio, yaliyochapishwa mwaka wa 2009 na 2010, ya kuwapa wanagenzi malahajedwali yenye makosa wayatafute. Waliopewa yenye majina walifanya vibaya kuliko waliopewa yenye anwani za kawaida. Nao mwongozo wa FAST, unaotumiwa na waundaji wa mahesabu ya fedha, huwashauri watumiaji wayaepuke.

Hoja yao ina uzito. Msomaji anapokuta D2:D31 hulazimika kutazama seli hizo. Anapokuta Michango_Machi, huridhika na neno na kupita. Jina husema kile ambacho mwandishi alikusudia kiwe katika eneo, lakini halithibitishi kwamba ndicho kilichomo. Kwa sababu hiyo, majina machache yaliyochaguliwa kwa makini, hasa ya viwango na ya orodha kuu, hufaa kuliko majina mia moja ambayo hakuna anayeyakagua.

Kwa mweka hazina, ukaguzi wenyewe hauchukui muda. Kabla ya kila mkutano wa mgao, afungue 'Name Manager' na kubofya kila anwani kuhakikisha imefika mstari wa mwisho. Ahesabu wanachama kwa fomula ya =ROWS(Michango_Machi), akitoa mmoja iwapo ana mstari wa mpaka, na kulinganisha na orodha ya chama. Alinganishe jumla ya mwaka na taarifa ya benki. Mwishowe ajumlishe migao yote aliyokokotoa na kuona kama inalingana na fedha zilizopo. Katika mfano wa chama cha watu 31, lolote kati ya hayo lingeifichua ile Sh2,056 kabla ya mtu yeyote kupanga foleni ya kulipwa.